Mtoto Mdogo na Watu Wanaomhudumia Mtaani

Mada ya watoa huduma katika jamii ni miongoni mwa mambo ya mwanzo ambayo mtoto wa darasa la awali hufundishwa kuhusu maisha ya nje ya nyumba yao. Ina sehemu tatu. Kwanza, mtoto atambue ni nani anafanya nini katika mtaa au kijiji chake. Pili, aone kazi hiyo inamfaa nani na inategemea kazi za nani wengine. Tatu, ajue afanye nini yeye mwenyewe siku atakapohitaji msaada. Madarasa mengi huishia kwenye sehemu ya kwanza: picha ya daktari, picha ya mwalimu, picha ya askari, na watoto wakiitikia kwa sauti moja. Sehemu mbili zilizobaki ndizo zenye manufaa, na ndizo zinazomtoa mwalimu jasho.

Kama somo la darasani, mada hii ina historia. Mwaka 1914 Caroline Pratt alianzisha mjini New York shule ya watoto wadogo ambayo leo inajulikana kama City and Country School. Aliwatoa watoto nje kwenda kutazama bandari na mizigo, kisha akawaachia vipande vya mbao alivyovibuni mwenyewe, wakaijenga upya sakafuni bandari waliyoiona. Mwenzake, Lucy Sprague Mitchell, alianzisha mwaka 1916 kituo cha utafiti wa elimu kilichokuja kuwa Bank Street, na mwaka 1921 akachapisha Here and Now Story Book, hadithi za mambo ambayo mtoto wa mjini hukutana nayo kila siku. Hoja ya wanawake hao wawili ilikuwa kwamba mtoto huanza kuielewa dunia kwa kufuatilia kazi anazoweza kuziona kwa macho yake, na kuuliza kitu kinatoka wapi na kinakwenda wapi. Miongo iliyofuata, masomo ya jamii huko Marekani yalipangwa kwa duara zinazopanuka: familia, shule, mtaa, mji, taifa. Mpangilio huo ulienea mno, na ndani yake mada ikakauka. Mahali pa bandari, mtoto akapewa bango. Mwaka 1968 mchoraji Richard Scarry aliirudishia uhai kidogo kwa kitabu What Do People Do All Day?, ambacho hakikuridhika kuonyesha mwoka mikate amesimama na kofia yake. Kilionyesha ngano inavyotoka shambani hadi kuwa mkate mezani.

Afrika Mashariki ilikuwa na njia yake kabla ya bango lolote, na njia hiyo bado ipo: kutumwa. Mtoto wa miaka mitano anayetumwa dukani kununua chumvi, kwa fundi cherehani kuchukua nguo, kwa jirani kuomba kibiriti, au kwa bibi kupeleka kitoweo, hujifunza kwa miguu yake nani anakaa wapi na anafanya nini. Hujifunza pia kusalimu, kungoja zamu na kuhesabu chenji. Wazee waliokulia vijijini hawakuhitaji kufundishwa mfua vyuma ni nani, kwa sababu walikaa karibu na kiwanda chake wakimtazama. Hali imebadilika mijini. Mtoto anayechukuliwa na basi la shule getini alfajiri na kurudishwa getini jioni anaweza kumjua zimamoto wa katuni kuliko anavyomjua mjumbe wa mtaa wao. Kwake darasa limelazimika kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na njia ya kwenda dukani.

Tanzania imeipa elimu ya awali nafasi rasmi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba elimu hiyo ni ya lazima kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Ada ilipoondolewa kuanzia Januari 2016, watoto waliandikishwa kwa wingi. Desemba 2021 ilizinduliwa jijini Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024. Kenya nayo ina miaka miwili ya elimu ya awali, PP1 na PP2, ambamo watu wa jirani na kazi zao hufundishwa ndani ya shughuli za mazingira. Kiwango kinachotakiwa Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Kila aliyeingia katika darasa la awali la shule ya umma anajua kuwa kiwango hicho mara nyingi ni cha kwenye karatasi, na mbinu yoyote isiyolikumbuka jambo hilo haitamsaidia mwalimu.

Tatizo la kwanza la vifaa ni chati yenyewe ya watoa huduma. Nyingi zinazouzwa mitaani na katika maduka ya vitabu zilichorwa kwa ajili ya nchi nyingine, na humwonyesha mtoto watu ambao hatakutana nao. Mfano ulio wazi ni mpeleka barua anayepita nyumba kwa nyumba na mkoba begani. Tanzania, kwa miaka mingi, barua imefuatwa na mwenyewe kwenye sanduku la posta. Kampeni kubwa ya kuweka namba za nyumba na majina ya barabara chini ya mfumo wa anwani za makazi ilifanyika mwaka 2022 tu. Zimamoto nao wanahitaji maelezo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipo kisheria, chini ya sheria ya mwaka 2007, lakini vituo vyake viko mijini, na mtoto wa kijiji cha ndani huenda asilione gari jekundu hata mara moja katika utoto wake. Moto ukitokea kwao, wanaokuja ni majirani wenye ndoo za maji, mchanga na matawi mabichi. Mwalimu anayefundisha kwamba moto huzimwa na gari jekundu peke yake amesema kweli ya mahali pengine. Majirani wanastahili kuwamo katika somo hilo, na wawe wa kwanza.

Orodha inayofaa, kwa hiyo, hutoka mtaani na haitoki dukani. Katika mtaa wa kawaida wa Dar es Salaam, Mwanza au Morogoro atakuwamo mama lishe anayepika chapati na supu tangu alfajiri, muuza maji wa mkokoteni, fundi bomba, fundi viatu, msusi, kinyozi, mlinzi wa usiku, dereva wa daladala na kondakta wake, bodaboda, wazoa taka, wanawake wanaofagia barabara kabla jua halijachomoza. Atakuwamo nesi wa zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumbani kuuliza habari za chanjo, mwalimu, imamu, padri, mchungaji. Kwa upande wa uongozi wapo mjumbe wa nyumba kumi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji. Zanzibar yupo sheha. Ukienda vijijini, bwana shamba, bwana mifugo, mkunga na mgambo huchukua nafasi za mbele, na miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi sungusungu, walinzi wa jadi, bado wanajulikana kwa jina. Mtoto wa mwambao atawajua mvuvi, mshona nyavu na fundi wa mashua kabla ya kumjua polisi. Hakuna darasa linaloweza kuwamaliza wote hawa, na hakuna haja. Watu sita au saba ambao watoto wa darasa hilo wanawaona kweli wanatosha kwa muhula mzima.

Mtoto wa umri huo hafikiri kwa vyeo. Ukimuuliza daktari ni nani, atajibu kwa tukio: ni yule aliyemdunga mdogo wake sindano, ni yule mwenye koti jeupe, ni yule aliyempa pipi. Kazi kwake ni kitendo na kifaa. Ndiyo maana mwanzo mzuri wa somo ni siku ya mtoto mwenyewe. Ameamka, amenawa uso: maji yalifikaje? Amekunywa uji: unga ulitoka wapi? Amevaa sare: nani aliishona? Amevuka barabara: nani aliyasimamisha magari? Maswali manne ya namna hiyo hutoa watu kumi na zaidi bila mwalimu kutaja cheo hata kimoja. Faida nyingine ni kwamba mama na baba huingia humo bila kusukumwa. Chati nyingi huwasahau, utadhani huduma huanza nje ya mlango wa nyumba.

Kutoka hapo somo huingia kwenye sehemu yake tamu, yaani jinsi kazi moja inavyoishikilia nyingine. Samaki ni mfano mwema kwa watoto wa pwani na wa kandokando ya maziwa. Katika soko la Feri, Magogoni, jijini Dar es Salaam, mlolongo wote unaonekana mahali pamoja. Mvuvi amerudi asubuhi na mashua yake, ambayo isingeelea bila fundi, na nyavu zake zisingefaa bila mshonaji. Makuli wanashusha. Dalali anapanga mafungu na kuendesha mnada kwa sauti ambayo watoto huiga kwa furaha kuliko wimbo wowote wa darasani. Muuza barafu amekaa kando. Wapaa samaki wanaondoa magamba na matumbo kwa ujira mdogo, wakaangaji wana moto wao, na wachuuzi wamekwisha kupakia ndoo kwenye bajaji au daladala kuelekea Mbagala, Temeke na Gongo la Mboto. Jioni kuna kipande cha samaki kwenye sahani ya mtoto. Mwalimu anaweza kuuliza swali lililo gumu kidogo: siku muuza barafu asipokuja, inakuwaje? Watoto wa miaka mitano hulijibu vizuri, tena kwa kubishana. Wakati huo ndipo wanapoanza kuona kwamba muuza barafu, ambaye hayumo katika chati yoyote, ana umuhimu wake.

Mlolongo kama huo unapatikana popote. Huko Kilimanjaro utaanza na ndizi au kahawa, Mbeya na mchele au viazi, Manyara na maziwa. Kinachotakiwa ni kitu kimoja ambacho mtoto anakila au anakishika, kikarudishwa nyuma hatua kwa hatua hadi kwa mtu wa kwanza. Hatua tano zinamtosha mtoto wa awali. Wa darasa la pili anaweza kwenda mbali zaidi, hata kufika kwenye swali la malipo: mzoa taka analipwa na nani? Jibu kwamba kila nyumba huchangia ada ya taka ni somo la kwanza la uraia, na mtoto hulielewa kwa sababu amewahi kumwona mkusanya ada akigonga mlango.

Mchezo ndio kifaa kikuu cha kufundishia mambo haya, na watoto hawahitaji kufundishwa kuucheza. Mchezo wa baba na mama, wa duka lenye vizibo vya soda badala ya fedha, wa kupika kwa udongo kwenye vifuu, wa gari la waya au mabua, wote ni michezo ya kazi za watu. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, katika mhadhara wake wa mwaka 1933, alieleza kwamba mchezo wa kuigiza una sheria zilizofichwa ndani ya nafasi anayoichukua mtoto: anayecheza mama hana budi kutenda kama mama anavyotenda, hata pale ambapo yeye mwenyewe angependa vingine. Mtoto anayecheza nesi hujizuia, husikiliza, hungoja mgonjwa aseme panapomuuma. Darasani, kona ya zahanati inaweza kutengenezwa kwa maboksi, chupa tupu zilizooshwa na kipande cha kanga nyeupe; kona ya soko kwa makopo, mizani ya vifuu na mbegu. Shule za awali za Madrasa, zilizoanzia Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation na baadaye kufika Zanzibar na Uganda, zilionyesha kuwa vifaa vilivyookotwa na kutengenezwa na wazazi wa mahali hapo vinatosha kujaza chumba kizima cha mafunzo. Mwalimu mwenye watoto themanini atazifungua kona kwa zamu, kundi moja kila siku, na waliobaki watakuwa na kazi nyingine. Kuwaachia wote kwa mara moja ni kutafuta vurugu.

Katika mchezo huo mwalimu ana jambo moja la kuchunga, nalo ni nani anapewa nafasi gani. Bila mkono wake, wavulana watakuwa madereva na madaktari, wasichana watakuwa wagonjwa na wapishi. Mwaka 2016 shirika moja la elimu nchini Uingereza lilionyesha kwa filamu fupi watoto wa miaka 5 hadi 7 wakiombwa kuchora zimamoto, daktari wa upasuaji na rubani wa ndege ya kivita. Kati ya michoro 66, wanawake walikuwa 5 tu. Baada ya kuchora, waliingia darasani wanawake watatu wanaofanya kazi hizo, wakiwa na sare zao, na watoto wakashangaa. Hakuna sababu ya kudhani kwamba watoto wa Tabora au Kisumu wangechora tofauti sana, ingawa kwa jambo moja Tanzania ina mfano ulio karibu: kwa mtoto aliyezaliwa baada ya Machi 2021, rais ni mwanamke, na hajaona mwingine. Trafiki wanawake wapo barabarani, madereva wanawake wa mabasi ya mwendokasi wapo, baba lishe naye yupo. Kuwaleta hawa darasani, au kuwataja tu bila kelele, hufanya kazi kubwa kuliko hotuba juu ya usawa.

Mgeni darasani ni njia rahisi na nafuu, lakini huharibika haraka akiachiwa kuhutubia. Mtoto wa miaka mitano huvumilia dakika chache za maelezo, kisha anataka kushika. Mgeni anayefaa huja na vyombo vyake: fundi viatu na sindano yake ndefu na gundi, nesi na kipimo cha kusikilizia moyo, fundi cherehani na futi yake ya kupimia. Watoto huandaliwa maswali siku moja kabla, na yaliyo bora ni mafupi: unaamka saa ngapi, kazi yako ina ugumu gani, unachukia nini, nani anakusaidia wewe. Swali hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu huvunja wazo kwamba kuna watu wa kusaidia na watu wa kusaidiwa. Nesi humtegemea fundi umeme, naye fundi umeme hupanga foleni kwa nesi.

Ziara ni nzuri zaidi na ngumu zaidi. Ya zahanati ichaguliwe siku isiyo ya kliniki ya watoto, ya sokoni iwe asubuhi kabla ya msongamano, na ya ofisi ya serikali ya mtaa inahitaji taarifa tu, maana viongozi wengi wa mtaa hufurahia wageni wa aina hiyo. Wazazi wawili au watatu wa kusindikiza hawaepukiki. Safari ndefu kwa basi haina ulazima. Duka la pili kutoka shuleni linatosha, ikiwa watoto wataruhusiwa kuingia nyuma ya kaunta.

Yapo maneno ya nyumbani yanayobomoa yote haya kwa sentensi moja, na ni ya kawaida kiasi kwamba wasemaji hawayasikii. La kwanza ni tishio: ukilia nitamwita polisi, usipokula daktari atakuchoma sindano. Mtoto aliyelelewa kwa maneno hayo amefundishwa kwa bidii kuwakimbia watu wale wale ambao darasani anaambiwa ni wa kuwakimbilia. Matokeo yake huonekana mahali pabaya. Mtoto aliyepotea kwenye stendi ya mabasi au katikati ya soko hujificha amwonapo askari. Mtoto anayeumwa huficha maumivu ili asipelekwe hospitali. Kurekebisha si kwa kumwambia mtoto kuwa sindano haiumi, kwani inauma na atajua amedanganywa. Aambiwe ukweli: itauma kidogo, itaisha upesi, na nesi anafanya hivyo ili asiugue ugonjwa mkubwa zaidi.

La pili ni dharau. Usiposoma utabeba zege. Usiposoma utazoa taka. Mzazi hukusudia kumhimiza mwanawe, lakini anachokiweka kichwani mwake ni kwamba mbeba zege na mzoa taka ni watu walioshindwa, wasiostahili salamu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, alilalamikia elimu iliyowatenga wanafunzi na jamii yao na kuwafanya wadharau kazi za mikono na kilimo ambacho wazazi wao walikitegemea. Zaidi ya nusu karne imepita na malalamiko hayo bado yana mahali pake. Darasa la awali linaweza kuyajibu kwa njia ndogo: mzoa taka akapewa kiti kile kile alichokalia daktari alipokuja, akasalimiwa kwa shikamoo ile ile, akaulizwa maswali yale yale. Watoto wenyewe huona bila kuambiwa kwamba gari la taka lisipopita wiki mbili, mtaa mzima hunuka na nzi hujaa kwenye vyakula, na kwamba ugonjwa anaoutibu nesi unaweza kuwa ulianzia kwenye lundo lile.

Sehemu ya tatu ya mada, ya mtoto kuomba msaada, inadai usahihi kuliko nyingine zote. Inaanza na mtoto kujijua. Ukimwokota mtoto aliyepotea Kariakoo ukamuuliza mama yake anaitwa nani, kuna uwezekano mkubwa atajibu, Mama Asha, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita, au atajibu tu kwamba anaitwa Mama. Kwa hiyo kabla ya kujifunza namba yoyote ya dharura, mtoto ajue majina yake kamili, majina halisi ya wazazi au walezi, jina la mtaa, alama iliyo karibu na nyumba yao, shule yake na, akiweza, namba moja ya simu. Namba ya simu hukaririwa vizuri ikiimbwa.

Kisha aambiwe amwendee nani. Shauri la kumwendea askari ni sahihi, ila askari si kila mahali yupo. Sokoni, mtu wa kumwendea ni mwenye kibanda au meza yake, hasa mama mwenye watoto, kwa sababu ana mahali pake na hatatoweka. Stendi ni mhudumu wa ofisi ya tiketi au askari wa zamu. Mtaani ni nyumba ya mjumbe, mahali ambapo kwa desturi watoto waliookotwa hupelekwa, au msikitini na kanisani, ambako kipaza sauti kinachotangaza mtoto aliyepotea hufika mbali kuliko miguu ya mzazi. Kanuni moja inafaa mahali pote: ukigundua umepotea, simama ulipo kwanza, usiondoke na mtu kwenda kwingine hata akikuambia anamjua mama yako.

Namba zifundishwe chache na zirudiwe mara nyingi. Tanzania, 112 ni polisi, 114 ni zimamoto na uokoaji, na 116 ni huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haitozwi na inapatikana pia Kenya. Simu ya kuchezea au kipande cha boksi chenye tarakimu zilizochorwa hutosha kwa mazoezi. Mtoto azoee kusema mambo matatu kwa mfuatano: kuna nini, uko wapi, unaitwa nani. Aelezwe pia kwamba kupiga namba hizo kwa mzaha humchelewesha mtu mwingine aliye hatarini, jambo ambalo watoto wa miaka sita huliona kuwa la haki mara moja wakipewa mfano.

Hapa kuna upande ambao walimu wengi huukwepa. Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wa wanaowaumiza watoto ni watu wanaowafahamu. Somo linalomwambia mtoto kwamba kila mwenye sare, kila mwalimu na kila jirani ni mwema siku zote linamwacha bila kinga. Mtoto anaweza kufundishwa yote mawili bila kuchanganyikiwa: kwamba kazi ya mtu fulani ni kusaidia, na kwamba hakuna kazi inayompa mtu ruhusa ya kumshika sehemu za siri au kumwomba atunze siri asimwambie mama. Nesi humpima mtoto wakati mzazi au mlezi wake yupo. Mtoto ajue watu wazima watatu wa kuwaambia, si mmoja, ili yule wa kwanza asipomsikiliza awepo wa pili. Walezi nao wajue kwamba vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote anayeona haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mahali hapo.

Kupima kama mada imeeleweka hakuwezekani kwa kuonyesha picha na kuuliza huyu ni nani. Picha hupima kumbukumbu. Kinachopima uelewa ni hadithi fupi yenye tatizo: bomba limepasuka na maji yanajaa uani, bibi ameanguka na haamki, umefika nyumbani na mlango umefungwa, mdogo wako amemeza kitu. Mtoto huulizwa angeanza na nini, angemwita nani, na huyo atahitaji nani mwingine. Majibu hutofautiana kwa mahali. Mtoto wa Kijitonyama, Dar es Salaam, atataja simu, wa kisiwa cha Mafia atasema atakimbia kwa mjomba mwenye mashua, wa kijiji cha Ngorongoro atapiga yowe watu waje. Yote matatu ni sahihi, na mwalimu hana sababu ya kuyasahihisha ili yafanane na kitabu. Panapohitaji marekebisho ni pale mtoto anaponyamaza, au anaposema hatamwambia mtu kwa kuogopa kuchapwa. Jibu hilo mwalimu haliandiki kwenye daftari la alama. Hulipeleka kwa mzazi wake, jioni hiyo hiyo.